Gunia la Matawi

Nekesa mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda sokoni kutafuta godoro, na najua hamtarudi upesi, maana mama yako hanunui kitu kabla hajazunguka vibanda vyote mara mbili. Nimekaa hapa nje upande wa jikoni na daftari lako la zamani la baiolojia, lile lililobaki kurasa chache mwishoni. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Bungoma. Nimebakiwa na mchana huu mmoja kusema jambo ambalo limenishinda kusema miaka kumi na miwili, kwa hivyo nivumilie nikichelewa kulifikia.

Sitakuambia ufunge mlango, wala ule vizuri, wala upige simu. Hayo mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita na atayasema tena kesho mkiwa mmesimama na mizigo. Na ukiona nimeandika r mahali pa l, usicheke. Mkono wangu ulizaliwa Misikhu na haujawahi kuhama.

Nianze na senge yako. Alipiga simu Jumapili ukiwa kanisani. Alikuwa amesikia kwamba umepata kazi, akafurahi, mpaka akasikia ni kazi gani. Akaniuliza kama ni kweli, ati umesoma miaka yote hiyo ndio uende kuwa shamba boy wa shule ya wasichana. Yeye ni dada yangu mkubwa na sijazoea kumjibu. Siku hiyo nikamwambia, "Ndiyo, dada. Anaenda kupanda maua." Akauliza kama angalau shule imetenga pesa za kununua hayo maua. Nikamwambia haikutenga chochote. Hapo akaniaga.

Hakuelewa, na sikujaribu kumweleza. Lakini wewe ulinieleza ulivyokwenda kuuona huo uwanja. Shule mpya, murram iliyoshindiliwa na malori ya mawe, hakuna hata unyasi mmoja, upepo ukivuma vumbi linaingia darasani na wasichana wanakohoa juu ya vitabu. Ulinisimulia mwalimu mkuu alivyokuonya mapema kwamba hana bajeti ya maua, na wewe ukamjibu, "Sijauliza pesa, Mwalimu. Nimeuliza takataka mnatupa wapi."

Siku hiyo nilicheka mpaka nikatoka nje. Ulidhani ni kicheko tu. Nilitoka kwa sababu sikutaka uone uso wangu. Maneno hayo ni yangu, uliyatoa kwangu, na mimi najua niliyapata kwa njia gani. Ndiyo sababu naandika.

Mimi sikuzaliwa nikipenda maua. Kwetu Misikhu tulilima mahindi na maharagwe, na baba yangu alisema wazi kwamba ua ni kitu cha mtu aliyeshiba. Shamba letu liligawanywa kwa ndugu mpaka sehemu yangu ikawa kamba moja nyembamba ambayo ng'ombe hawezi kugeukia. Nikaja Kitale kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa kwa Madam.

Unaikumbuka nyumba yake, ile ya upande wa juu wa mji yenye ua wa kayaba uliokatwa ukanyooka kama ukuta. Siku yangu ya kwanza niling'oa mstari mzima wa yungiyungi nikidhani ni magugu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kwenye toroli, nangoja kusifiwa. Madam akatoka, akatazama, akavua viatu vyake vya ndani, akaingia kwenye udongo pamoja nami tukayarudisha moja moja. Hakupiga kelele. Nasema hivi kwa sababu lazima niwe mkweli juu yake pia. Alikuwa mtu mgumu, hakuwahi kuniuliza hata mara moja kama nimekula, lakini mikono yake iliujua udongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata tawi kwa mshazari chini ya kifundo, kupunguza majani ili lisichoke kabla ya kupata mizizi, kuliweka kivulini na kuliacha bila kulichungulia kila siku. Kila kitu nilichokufundisha kilipitia mikononi mwake kwanza. Sitaki uende Bungoma ukiamini kwamba baba yako alijifundisha mwenyewe.

Sasa fikiria mtu anayeshinda mchana kutwa kati ya waridi, halafu jioni anarudi kwetu. Ile ploti ya zamani, barabara ya Endebess, ulikuwa mdogo, lakini harufu yake huwezi kuwa umeisahau. Mbele ya mlango wetu palikuwa na jalala la nyumba zote kumi na mbili. Mifupa, majivu, nepi, mabaki ya sukumawiki. Mvua ikinyesha lile jalala lilitutembelea ndani. Mama yako alikuwa akianika nguo zako juu yake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kufunga kamba.

Ndipo nilipoanza kuchukua matawi. Madam alikuwa anapogoa kila mwezi, na yote yaliyokatwa yalikwenda kwenye lundo la nyuma, Jumamosi yanachomwa. Ijumaa jioni nilikuwa nachagua yaliyo na uhai, nayatia kwenye gunia, juu nafunika na majani ya napier kama mtu anayepelekea ng'ombe chakula. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba kitu cha kuchomwa hakina mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa hapana, na mtu anayefunika gunia anajua anachofanya.

Bustani ya kwanza ilikufa yote, na sijawahi kukusimulia kwa sababu mama yako anaisimulia vizuri zaidi. Nilikuwa nimetaka kufanya kama kwa Madam: nyasi katikati, waridi pembeni, kijia cha mawe. Mama yako, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakaja kulima Endebess, na ambaye alikuwa akikamua ng'ombe kabla hajaanza shule, alisimama mlangoni akaniambia, "Baba Nekesa, huo udongo una njaa. Ulishe kwanza." Nikamwambia mtunza bustani hapa ni mimi. Januari ilipofika na upepo mkavu, kila kitu kikawa rangi ya karatasi ya kaki. Mama yako alikwenda kwa watu wa maziwa akaomba samadi, akaibeba kwa karai kichwani, akachanganya na majivu ya jikoni na mabua ya mahindi, akafukia. Mvua zilipoanza akapanda managu mbele kabisa, mahali nilipotaka waridi. Tukala mboga za jalala mwaka ule, na mimi nikala huku nimeinamisha kichwa. Tangu hapo sijapanda ua bila kumuuliza yeye kwanza juu ya udongo. Huko uendako utawakuta wapishi, wafagiaji, akina mama wanaouza mboga getini. Mmoja wao anaujua udongo wa hapo kuliko wewe na cheti chako. Mtafute kabla hujashika jembe.

Nimezunguka vya kutosha. Sasa nifike getini kwa Madam.

Ilikuwa Ijumaa ya kufunga shule. Ulikuwa na miaka kumi, na ulikuwa umekuwa wa tatu katika darasa la watoto zaidi ya sitini. Hukuweza kungoja jioni. Ulitembea kutoka shuleni mpaka kwa Madam peke yako, na sweta yako ya kijani, ukasimama ng'ambo ya barabara karibu na akina mama wa mahindi ya kuchoma, ukiningoja nitoke. Mimi sikujua kama uko hapo.

Nilitoka nikisukuma baiskeli na gunia nyuma. Soja wa getini alikuwa mgeni, wiki yake ya pili, na alitaka kuonekana anafanya kazi. Akaniambia nifungue. Chini ya napier kulikuwa na matawi ya waridi, bogenvilia, na mizizi ya kana, yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba. Tawi moja la waridi lilikuwa bado na ua lililochanua. Wakati huohuo gari la Madam likafika kutoka mjini. Akashusha kioo na kuniuliza ni nini hicho. Nikamwambia ni takataka, nimeitoa kwenye lundo la kuchoma.

Akasema, "Simiyu, hata takataka ya hapa ni yangu."

Akaniamuru nimwage yote barabarani. Nikamwaga. Watu walisimama. Halafu akasema nisije Jumatatu.

Nekesa, nilipiga magoti. Hilo uliliona, na nadhani lingekuwa limekwisha kusahaulika kama lingeishia hapo, maana watu wengi wamepiga magoti kwa ajili ya kazi. Lakini alikuwa ameanza kupandisha kioo, na mimi nikawa natafuta neno la kumzuia, neno lolote, na macho yangu yakakuona. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Ni huyu mtoto, Madam. Yeye ndiye amenisumbua nimletee maua ya shule."

Hukuwa umeniomba kitu. Hukuwahi hata mara moja.

Madam akageuka akakuita. Ukavuka barabara. Akakuuliza kama ni kweli. Wewe hukumtazama yeye, ulinitazama mimi, ukaikunja ile ripoti yako ya shule mara moja, mara mbili, mpaka ikaingia kwenye kiganja. Ukasema, "Ndiyo, Madam. Ni mimi."

Akakuambia kwamba mtoto anayemfundisha baba yake kuiba hatakuwa na mwisho mzuri. Ukaitikia. Akaniambia basi nije Jumatatu, akaingia ndani, soja akafunga geti.

Nilikupandisha kwenye kerea ya baiskeli mahali palipokuwa na gunia. Tukaenda nyumbani. Ripoti uliniletea Jumapili baada ya chakula, imekunjamana, nikaitia sahihi. Niliandika "vizuri sana", na wewe ulisimama kando ya meza ukingoja. Ulikuwa unangoja nini, najua sasa. Nilijua hata wakati ule. Nikakurudishia kalamu.

Miezi minane baadaye Madam aliniachisha kazi bila kosa lolote. Alisema amepata kijana mwenye nguvu zaidi. Kwa hivyo nilikuuza kwa miezi minane, na mwisho wake nikaikosa hata hiyo kazi.

Wewe uliacha kuigusa bustani. Kabla ya hapo ulikuwa ukinishikia matawi nikipanda. Baada ya hapo ulianza kupita nyuma ya nyumba kwenda msalani, kwenye matope, ili usipite kati ya maua. Mwaka mzima. Mama yako aliniuliza mara nyingi mtoto ana nini, na nikamwambia ni umri. Leo, kabla hamjatoka, nimemwambia ukweli. Ndiyo maana uliona akikushika bega bila sababu mlipokuwa mnavaa viatu.

Baada ya kuachishwa kazi nilikuwa na hasira, na sikuwa na mahali pa kuipeleka, kwa hivyo nikaipeleka kwenye jalala. Sikupanda kama mtu anayependa maua. Nilipanda kama mtu anayejibu. Mchana nilikuwa nabeba magunia ya mahindi kwenye maghala, jioni nachimba. Sikununua mche hata mmoja. Nilibisha hodi kwenye mageti ya watu, safari hii mchana kweupe, nikauliza, "Mnachoma nini Jumamosi?" Wengine walinifukuza. Wengine walinionyesha lundo wakaniacha nichague. Miche nikaiotesha kwenye mifuko ya maziwa niliyookota mbele ya hoteli. Tairi zilizochakaa zikashikilia udongo mahali maji yalipokuwa yakishuka. Mawe niliyatoa kwenye mtaro mmoja baada ya mwingine. Maji yalikuwa ni ya kufulia, mama yako akiyaacha yapoe na povu litulie kwanza. Majirani walinicheka, wakaniuliza kama nitapika waridi. Baada ya muda wakaacha kutupa nepi mbele yetu. Kisha mmoja akaleta beseni lililopasuka, mwingine akaleta pipa lisilo na kitako, na nikajua nimeshinda.

Mwenye ploti alikuja kuniambia kwamba maua yanaleta nyoka, na kwamba mpangaji akianza kupanda mwishowe atadai ardhi. Nikamwambia nimesikia. Kesho yake nikapanda tena. Akaja tena, nikamwambia tena nimesikia. Hilo ndilo jambo pekee la ukaidi ninalojivunia. Sikubishana na mtu. Niliendelea tu.

Halafu lile tingatinga. Ulikuwa kidato cha tatu, umefika likizo. Mwenye ploti alikuwa amekodisha uwanja kwa mtu wa malori yanayokwenda Suam, akaleta tingatinga asubuhi bila kutuambia. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Kazi ya miaka sita ilikwisha kabla chai haijapoa. Kana zilikatwakatwa, waridi zikazikwa, zile tairi zikasukumwa mpaka mtaroni. Dereva alikuwa mtu mpole, akaniambia pole kila alipogeuza mashine. Majirani walitoka wakasimama kama kwenye matanga.

Nilimwambia mama yako, basi, tuache. Nilimaanisha kuacha kila kitu. Nilikuwa nimeamua kurudi Misikhu kwenye ile kamba yangu nyembamba.

Wewe ulitoka ndani na karai. Miaka saba ulikuwa hujaigusa bustani ile. Uliinama kwenye udongo uliopinduliwa, ukaokota kipande cha mzizi wa kana kisichozidi kidole gumba, ukakigeuza, ukanionyesha jicho lake jekundu linalochipuka. Ukasema, "Baba, hajaua. Amekata tu. Si ulisema kila kipande kikiwa na jicho ni mche?"

Nilikuwa nimekwambia hivyo ukiwa na miaka tisa.

Tuliokota mpaka jioni. Yule dereva alizima mashine yake akatusaidia. Tulipata vipande vingi kuliko mimea tuliyokuwa nayo kabla, kwa sababu kila shina lilikuwa limekatwa mara tano au sita. Palikuwa hapana uwanja tena, kwa hivyo ulichukua baiskeli yangu ukavipeleka kando ya barabara, kwenye ile ardhi isiyo ya mtu kati ya mtaro na lami. Majirani nao wakachukua, kila mtu akapanda mbele ya kwake. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Ilipofika Agosti barabara ilikuwa nyekundu kutoka kwa fundi wa baiskeli mpaka kwenye daraja, na watu waliokuwa wakielekea mlimani walikuwa wanauliza ni nani amepanda.

Barabara hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya bustani niliyo nayo sasa. Zahanati iliniita kwanza, halafu kanisa, halafu watu wa majumbani, na kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha chuo. Watu husema Simiyu ana mkono wa baraka. Huwa nanyamaza. Siku ile mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, na aliyekuwa na karai ni wewe.

Na bado sikukuomba msamaha. Tulifanya kazi bega kwa bega siku ile, udongo mpaka kwenye nywele, na nikadhani kwamba umenisamehe kwa sababu umerudi kwenye bustani. Niliichukua kazi yako kama jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza. Wanaume wa rika langu tumezoea hivyo. Tunaona mambo yametulia na tunasema yameisha.

Leo asubuhi niliwaambia naenda kutafuta samadi. Sikwenda huko. Nilikwenda kwa Madam.

Kayaba imekua ovyo, imezidi urefu wa geti. Nyasi za katikati zimekauka mabaka mabaka. Kijana wa getini aliuliza nimekuja kwa nani, nikamtajia jina, akaniingiza bila kunipekua. Madam alikuwa ameketi barazani na blanketi magotini. Amezeeka sana. Alinitambua mara moja, akauliza kama nimekuja kutafuta kazi. Nikamwambia hapana. Akaniambia nikae, nikakataa kwa heshima, kwa sababu nilitaka kulisema nikiwa nimesimama.

Nikamwambia, "Madam, siku ile ya gunia mtoto wangu hakuniomba maua. Nilidanganya. Nilichukua mimi mwenyewe, kwa akili yangu, na nilimsingizia mtoto."

Akauliza, "Mtoto gani?"

Hakumbuki, Nekesa. Nilimweleza, nikamtajia soja, gari, sweta ya kijani. Anakumbuka gunia kidogo. Wewe hakukumbuki kabisa. Jambo lililokufanya upite kwenye matope mwaka mzima halikuwahi kukaa ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja. Nilisimama pale na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mtu niliyekukabidhi kwake hakukumbuka hata kwamba alikupokea.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza, "Yalishika?"

Nikamwambia matawi ya siku ile yalibaki barabarani, lakini ya Ijumaa nyingine yalishika, na mizizi ya kana imefika mpaka darajani. Akasema kana za kwake zilikufa kwenye kiangazi cha mwaka juzi na yule kijana hajui kuzifufua, kwa hivyo nimletee kidogo. Nikamwambia ziko kando ya barabara ya Endebess, hapana geti, amtume mtu na jembe achimbe anachotaka. Kila mtu huchimba. Nikaaga nikatoka. Sikuinamisha kichwa, na nilipofika nje nilipanda baiskeli palepale mbele ya geti badala ya kuisukuma mpaka kona kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote niliyofanya kazi hapo.

Kwa hivyo mbele yake nimesema. Sasa nasema mbele yako. Hukuniomba maua. Sikuwa na haki ya kukunyooshea kidole. Ulikuwa umekuja kunionyesha kwamba wewe ni wa tatu, nami nikakufanya mwizi mbele ya watu ili nibaki na jembe la mtu mwingine. Ulinifunika ukiwa na miaka kumi, na mimi niliyekuwa baba nikakubali kufunikwa. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, sitakuharakisha.

Huko uendako watakuita shamba boy, wengine kwa mzaha na wengine kwa kusudi. Watakuambia nyasi haziwezi kuota juu ya murram. Watapitisha lori juu ya ulichopanda. Mwalimu mkuu anaweza kubadilika, na anayemfuata akataka kuweka saruji. Sikuambii uvumilie, maana neno hilo wametuambia sana. Nakuambia upande tena kesho yake, mchana, wakikuona. Omba matawi mbele ya mwenye nayo. Akikataa, nenda kwa mwingine. Usifunike gunia lako kwa kitu chochote. Na siku utakapobanwa ukaogopa kupoteza kazi, na hiyo siku itakuja, acha kazi ipotee kabla hujamnyooshea kidole mtu mdogo kuliko wewe. Mimi nililipata hilo kwa bei ambayo wewe ndiye uliyeilipa.

Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, anasema godoro limekuwa zito, na wewe unamwambia alegeze mkono mmoja. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, kati ya nguo, uikute Bungoma wakati mimi niko mbali. Nimebadilisha mawazo sasa hivi. Nitakupa mkononi ukishaweka godoro chini, na nitakaa hapa kwenye kiti hiki mpaka umalize kuisoma.

Baba yako,
Simiyu